Mgahawa ambao ikifika saa nane mchana chakula kimeisha

Siku hizi ukimwambia mtu wa Dar twende tukale kitu anakutumia lokesheni. Unafika unakuta taa za njano zimening'inizwa kwenye kamba, viti vya mbao za kreti, menyu hupewi mkononi mpaka uiskani na simu, na kabla chakula hakijaja watu washapiga picha glasi ya maji. Sina ugomvi na hizo sehemu, nikialikwa naenda, hasa kama anayelipa sio mimi. Ila kwa hela yangu mwenyewe mi naenda kwa Ami.

Kwa Ami ni Magomeni, unaingia ndani kidogo kutoka Morogoro Road, mtaa sitautaja maana meza zenyewe chache na sitaki nije kukosa pa kukaa kwa sababu ya mdomo wangu. Kibao cha juu ya mlango kilitolewa zamani na kampuni ya soda, jua limekula maandishi yote limebaki doa jekundu, kwahiyo mgahawa hauna jina linalosomeka na hakuna anayelihitaji. Ami mwenyewe ni mzee wa Kishihiri, baba yake alikuja kutoka Hadhramaut kule Yemen akaanza na kahawa ya kutembeza, dele mkono mmoja na vikombe vinagongana mkono wa pili, alafu kahawa ikazaa benchi, benchi likazaa meza, meza ikazaa hiki kibanda cha matofali tunachokalia leo. Jina lake halisi tunalijua ila hata mkewe namsikiaga anamuita Ami mbele za watu.

Ndani hakuna cha kukushangaza na ndo uzuri wake. Meza za fomeka ya kijani zilizochubuka kwenye kona, mabenchi yasiyo na egemeo, feni ya dari inayozunguka taratibu mpaka unaweza kuhesabu mapanga yake, kabati la vioo lenye maandazi na vitumbua na sambusa, picha ya Kaaba upande mmoja na picha ya Rais upande wa pili, na katikati kalenda za miaka iliyopita ambazo nahisi haziondolewi kwa sababu zinaficha ufa. Ukutani kuna maagizo yaliyoandikwa kwa mkono na rangi ya mafuta. USINAWE KWENYE SAHANI. HESABU CHENJI KABLA YA KUONDOKA. LEO PESA KESHO MKOPO. Hilo la mwisho ni uongo mtupu, ntaeleza huko mbele.

Mlangoni kuna ndoo ya koki na sabuni ya kipande. Zamani alikuwa anakuja kijana na jagi na beseni anakunawisha ukiwa umekaa, mi nilikuwa naipenda sana hiyo, ila 2020 ilipokuja Corona ndoo za koki zikawekwa kila mlango wa mji huu, Corona ikapita ndoo ikabaki. Jagi lipo bado juu ya kabati, limejaa vijiko.

Sasa tuongee supu, maana mi kwa Ami nilipelekwa na supu.

Kazi yangu ina shifti za usiku, natoka asubuhi saa kumi na mbili na kitu, mwili umechoka ila usingizi haujaja, na hapo chai na mkate havifanyi kitu. Makongoro ya pale yanabandikwa jioni. Miguu ya ng'ombe inababuliwa manyoya, inakwanguliwa, inakatwakatwa, inaingia sufuria kubwa na maji na chumvi na tangawizi na kitunguu swaumu basi, hamna royco hamna nini, alafu inaachwa juu ya mkaa mdogo usiku kucha inachemka polepole. Ikifika alfajiri ule mchuzi umekuwa mzito wenyewe bila kuwekwa kitu, ukinywa midomo inanatana. Nyama ya kawaida na utumbo vinakuja na bodaboda kutoka upande wa machinjio ya Vingunguti kabla hakujapambazuka vizuri, hiyo inachemshwa sufuria nyingine. Unaletewa bakuli, kisahani chenye ndimu zilizokatwa nusu, pilipili mbuzi imepondwa na chumvi, na chapati juu ya kipande cha gazeti. Unakamua ndimu mpaka mkono uume. Kijiko cha kwanza unafumba macho, sio kwa raha, kwa sababu ya moto.

Saa hiyo ya alfajiri ukitaka kujua nani anaushikilia mji huu usiku angalia meza za kwa Ami. Walinzi wamevua kofia, madereva wa bodaboda, wauguzi, wapishi wa maandazi wanaosambaza maduka, na siku za Jumamosi na Jumapili wanakuja vijana wenye macho mekundu na hangova zao. Ami haendi baa na hata harufu ya pombe haipendi, ila hajawahi kumsema mtu. Anawaangalia tu, anaita jikoni, "Ongezeni ndimu hapo!" basi yameisha.

Na niseme kitu kwa wanawake wenzangu. Sehemu za supu mjini hapa nyingi zimejaa wanaume na mwanamke akiingia peke yake kuna ule ukimya wa kukupima, alafu anatokea mmoja wa "dada karibu hapa ukae na mimi". Kwa Ami hamna. Mara ya kwanza niliingia najikaza sura, nikakaa, mzee mmoja akasogea bila kuniangalia akanisukumia kisahani cha ndimu, akaendelea na mfupa wake. Nikajua hapa pangu.

Chapati zinapikwa nje mlangoni kwenye chuma kipana na mzee mmoja ambaye simjui kwa jina ila kwa migongo ya mikono namjua hata gizani. Ni za kusukuma, sio za maji. Anasukuma donge, anapaka mafuta, anakunja, anasokota mpaka linakuwa konokono, anayapanga yapumzike, alafu ndo anasukuma tena na kukaanga, kwahiyo chapati ikiiva ukiivuta inaachana tabaka kwa tabaka. Akiitoa kwenye chuma anaipiga kofi kwa viganja viwili ili tabaka zifunguke. Mlio wa lile kofi ndo saa ya mtaa. Kuna watu wanajua wamechelewa kazini kwa kutousikia.

Na hapa kuna siri ya bei. Watu wananiulizaga Ami anawezaje kuuza bei zile. Mi nimeangalia kwa muda mrefu, jibu ni kwamba Ami hapandishi bei, anapunguza upana. 2022 vita ya Ukraine ilipoanza, unga wa ngano na mafuta ya kula vilipanda kila mahali, sehemu nyingi chapati ikaongezwa bei hapo hapo. Kwa Ami ilibaki jero. Ila tukaanza kuona ukingo wa sahani. Mwanzoni mwa 2024 sukari ikaadimika, mvua za El Niño zilikuwa zimesumbua uvunaji wa miwa ya viwanda vya sukari na kilo ikapita elfu nne sehemu nyingi, kwa Ami chai ya maziwa haikupanda hata shilingi, ila vikombe vile vikubwa vya bati vikapotea ghafla vikaja vidogo vya udongo vyenye maua. Mteja mmoja akauliza vile vikubwa viko wapi. "Vinapumzika," Ami akajibu. Sukari iliposhuka vikombe vikubwa vikarudi siku hiyo hiyo, wala hakuna aliyetangaziwa.

Chai yenyewe ni ya kuchemshwa pamoja, maziwa na majani na tangawizi iliyopondwa na iliki na sukari vyote sufuria moja tangu asubuhi. Hakuna kuulizwa unaweka vijiko vingapi. Kama daktari amekukataza sukari kunywa ya rangi, au nenda kwingine. Kuna rafiki yangu nilimpeleka akaomba chai ya maziwa isiyo na sukari na maziwa yawe yamepunguzwa mafuta, yule kijana muhudumu alimwangalia kwa huruma ya kweli kabisa akaniuliza mimi, "Dada, mgeni wako anaumwa?"

Hapo ndo napopapendea. Sehemu nyingine zinakupa kuchagua mpaka unachoka kabla hujala, kurasa nane za menyu, piza na biriani na tambi za Kichina jiko moja, na wewe unajua kabisa vitu vyote hivyo haviwezi kuwa fresh. Kwa Ami mchana kuna wali, ugali, ndizi. Vya kulia ni rosti ya nyama, maharage ya nazi, samaki wa kukaanga, na utumbo siku ambazo upo. Hakuna ubao wala karatasi, kijana anasimama mbele yako anataja vyote kwa pumzi moja na ukimwambia rudia anarudia kwa kasi ile ile. Kila sahani inakuja na mchicha na maharage kidogo pembeni hata kama hukuagiza maharage, kachumbari, na kipande cha tikiti au ndizi mbivu moja. Wali maharage buku mbili na jero, na ukisema "niongezee mchuzi" unaongezewa, mchuzi haulipiwi. Ile rosti moja ndo inakwenda kwa mtu wa wali, kwa mtu wa ugali, kwa mtu wa ndizi, na mchuzi wake ukibaki unakwenda na chapati. Kinachonunuliwa sokoni asubuhi kinaingia sufuria tatu nne tu, hakuna kinachooza, hakuna friji la kulisha umeme zaidi ya lile la soda, na nyumba ni yao kwahiyo hakuna mwenye fremu anayekuja mwisho wa mwezi. Ikifika saa nane mchana wanaanza kukwambia kimeisha. Saa tisa masufuria yameinamishwa nje kwenye jua.

Watu wapya wanakasirika sana na hilo neno kimeisha. Mi naliona ndo cheti cha usafi. Chakula kilichoisha leo hakiwezi kupashwa kesho.

Nilisema ile LEO PESA KESHO MKOPO ni uongo. Chini ya kaunta kuna kauntabuku, na humo ndani kuna nusu ya mtaa, ila hakuna jina hata moja la kitambulisho. Kuna Fundi Redio, kuna Mrefu, kuna Mama Geti la Bluu, kuna Mwalimu wa Zamani na kuna Mwalimu Mpya. Mi nipo kama Binti wa Usiku, na nilivyoliona mara ya kwanza nikamwambia, "Ami, hili jina litanikosesha mchumba!" akacheka mpaka akakohoa na hakulibadilisha. Siku hizi pembeni ya lile tangazo kumebandikwa karatasi ya Lipa Namba, unaweza ukalipa kwa simu. Ila daftari halijastaafu maana simu haiwezi kulipa hela ambayo haipo.

Na kulipa kwenyewe. Hamna bili hapa. Ukimaliza unasimama kwa Ami pale mlangoni unajitaja mwenyewe, supu moja chapati mbili chai moja, anapiga hesabu kichwani anakupa chenji. Wote tunaokula pale tunajitaja. Kuna siku kijana mmoja alijitaja sambusa tatu, Ami akapokea hela, akahesabu chenji taratibu, akamuuliza kwa upole, "Na ile uliyokula umesimama?" Kijana akalipa. Kesho yake alikuja kama kawaida na akahudumiwa kama kawaida, hakuna aliyemkumbusha.

Kukaa ni popote penye nafasi. Ukiomba meza yako peke yako watakushangaa. Unakaa na fundi cherehani, na mzee mstaafu, na mwanafunzi wa chuo anayekula ndizi tupu kwa sababu ni mwisho wa mwezi, na mwenye ndimu anampa asiye na ndimu. Ila kuna mipaka isiyoandikwa. Benchi la karibu na mlango ni la wazee wa Yanga na la karibu na jiko ni la wazee wa Simba, na ukikaa vibaya hawakufukuzi ila utasikiliza mpaka masikio yatoke moshi. Yanga wanaanza, sisi 1935, nyie mlikuwa wapi. Simba wanajibu 1936, mwaka mmoja tu, mnajisifia mwaka mmoja. Inatoka hapo inakwenda kwenye magoli, Simba wanataja 1977 sita bila, alafu 2012 tano bila, Yanga wanakumbusha Novemba 2023 tano moja, na wakipandisha sauti wanaitoa ile ya 1968 tano bila. Hapo kuna mzee mmoja wa Simba ananyanyua kidole anasema 68 haihesabiki, mlimfunga Sunderland sio Simba. Sunderland ndo jina la zamani la Simba, walilibadilisha baadae kweli, lakini timu ni ile ile, na yeye anajua, na wao wanajua kuwa anajua. Hiyo hoja nimeisikia mara nyingi mno na bado nachekaga.

Wazee hao hao ukiwapata asubuhi isiyo na mechi wanakupa historia ambayo shuleni niliipita kwa kukariri tu. Wanakumbuka unga wa Yanga wa miaka ya sabini, yale mahindi ya njano, rangi ya Yanga, kutoka Marekani baada ya ukame, na wazee wa Simba wanaapa walikuwa wanakula ugali ule wamefumba macho. Wanakumbuka mwanzoni mwa miaka ya themanini sukari, sabuni na unga vilivyokuwa vya foleni na vibali, na baba yake Ami anauza chai ambayo mteja anakuja na sukari yake kwenye karatasi, au anaweka tende mdomoni kwanza alafu anakunywa. 1983 ikaja ile vita ya wahujumu uchumi, mwenye magunia mawili stoo halali usingizi, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya Nguvu Kazi, asiye na kazi ya kueleweka anakamatwa barabarani anapelekwa kijijini kulima. Mzee wa chapati anasema yeye aliponea hapo hapo kwenye chuma. Askari walipita wakamuuliza kazi yako nini, akawaonyesha donge la unga. Mi siwezi kuthibitisha stori yake ila anaisimulia vizuri.

Mji umezunguka pale pote ukabadilika na mgahawa umekula hasara na faida zake. Zamani wateja wakubwa wa supu walikuwa madereva na makonda wa daladala za njia ya Kimara na Ubungo, wanapaki pembeni wanakunywa fasta abiria wananuna ndani ya gari. Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza, daladala zikaondolewa Morogoro Road, na kundi lote lile likayeyuka. Ami anasema mwaka ule alifikiria kufunga. Alafu kota za zamani za Magomeni zilikuwa zishavunjwa, watu wametawanyika, wengine walikuwa wateja wa tangu baba yake. Magorofa mapya yalipofunguliwa 2022 na zile kaya 644 zikarudishiwa nafasi zao, Ami anasema asubuhi za mwanzo zilikuwa kama msiba uliogeuka harusi, mtu anaingia anashikwa mkono haachiwi. Wengine walirudi watoto tu, wazazi hawakuwahi kuona lifti.

Wa kubeba nao ni wengi kuliko wa kukaa. Kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku Juni mosi 2019 supu ilikuwa inafungwa kwenye nailoni, imevimba moto, unatembea nayo umeishikilia mbali na mwili unaomba Mungu. Tangu hapo unakuja na chombo chako. Kwahiyo asubuhi unaona foleni ya watoto na mahotipoti, vindoo vya rangi, birika, kuna mmoja anakujaga na dumu la lita tatu lililokatwa mdomo. Ami anajua chombo cha nani ni kipi, mtoto akitumwa akasahau ameagizwa nini anakitazama kile chombo anajaza. Zile apu za kuletewa chakula nyumbani hazijafika kwake na sidhani kama zitafika, kijana wa pikipiki ataambiwa kimeisha.

Nisije nikaonekana nimelogwa, mabaya yapo. Joto la ndani saa saba mchana sio la mchezo, feni ile ni pambo. Nzi wakati wa maembe wanakuja kwa ukoo. Choo ndo usiniulize, kipo uani, mlango wake unafungwa kwa kushikilia, na mi naendaga kwangu kwanza ndo nakuja kula. Na moshi. Mashabiki wa vitu vya kizamani watakwambia supu bila mkaa sio supu, Ami pia ndo msimamo wake, ila anayesema hivyo huwa hajakaa mbele ya lile jiko. Mama anayepika mle ndani macho yake mekundu mwaka mzima na kikohozi hakimuishi. Serikali ilitoa mkakati wake wa nishati safi 2024, wanataka ifike 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na kijana mkubwa wa Ami akaichukua hiyo kama silaha akaleta mitungi miwili ya gesi. Sasa hivi chai na wali ni gesi, makongoro bado mkaa. Mi niko upande wa kijana. Niliwaambia wafanye usiku mmoja makongoro kwa gesi moto mdogo bila kumwambia mtu tuone nani atagundua. Ami akasema yeye atagundua. Nikamwambia Ami wewe hunywi supu, una presha. Akanyamaza kidogo akasema atagundua kwa harufu.

Kama unataka kuja, na najua baadhi yenu mtapatafuta hata nisipotaja mtaa, njoo asubuhi kabla ya saa nne, uwe na chenji, na usiombe taulo la karatasi. Ijumaa ndo siku ya pilau, sufuria moja tu na inasubiri watu watoke msikitini, wasiokuwa Waislamu tunajua tusiguse foleni mpaka kanzu zipungue, hakuna aliyeweka hiyo sheria. Mwezi wa Ramadhani usije mchana, mlango unafungwa, unafunguliwa jioni kwa futari: uji wa pilipili manga, tende, kaimati, mihogo na magimbi ya nazi, tambi. Mi sifungi ila futari ya kwa Ami siikosi, na yule mama wa jikoni huniwekea magimbi ya chini ya sufuria yaliyoshika.

Ramadhani ijayo kuna vita. Yule kijana mkubwa amepanga kutumia huo mwezi, maana mchana pamefungwa, abomoe sakafu aweke taili, atengeneze choo cha maana, apake rangi, na kama Ami akilegea aondoe mabenchi alete viti vya plastiki. Alinifuata akaniomba nimsaidie kumshawishi mzee, eti mimi ananisikiliza. Nikamwambia choo nakuunga mkono kwa mikono miwili, hata mchango ntatoa, taili sawa, rangi sawa. Benchi sijui. Fundi ameshakuja kupima, nimemuona na futi yake anakunja uso pale kwenye ule ufa wa nyuma ya kalenda. Ami anasema sakafu wafanye wanavyotaka, ila siku atakayokuta meza zake zimeguswa anahamia Tanga kwa dada yake, na wazee wa Yanga wamesema wakienda kumrudisha hawataki mtu wa Simba kwenye gari.